Thieta Isiyo na Daktari

Eastleigh, Nairobi

Kwa mwanangu Yusuf,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hiyo ni salamu ya dini, nakupa kwa sababu ni haki yako hata ukiwa umenikasirisha.

Hujambo? Mgongo wako je? Na Zamzam mkeo, kile kikohozi kimemwacha, au bado anakohoa na kusingizia vumbi? Mvua imefika Ijara? Mbuzi wanapata cha kutafuna, au mnawakatia matawi kama mwaka ule? Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya huku inaingia kwenye goti langu kama mtu mwenye ufunguo. Mdogo wangu Dahabo pia ni mzima, ukiacha ule uvimbe wa shingo uliotutoa nyumbani. Anakula vizuri na analalamika vizuri.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu unazikata. Karatasi hii huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini isome kwanza, na kama macho yako yatajifanya yanauma, Zamzam akusomee kwa sauti. Kisomali sijui kukiandika. Mwalimu wa ngumbaru alinifundisha herufi kwa Kiswahili, kwa hiyo utanisoma kwa Kiswahili na utavumilia. Hakuna aliyenishikia kalamu. Nasra yuko kazini, hajui kama naandika.

Neno lenyewe ni hili. Ulimwambia Dahabo kwa simu kwamba Nasra, binti yako wa kwanza, asikanyage mlango wako Idi hii wala Idi nyingine. Ulisema amekudanganya na kukufanya kichekesho mbele ya wanaume wa soko la mifugo. Ulisema, "Mimi sina binti mcheza ngoma." Nimesikia na walivyokucheka: "Yusuf, kumbe daktari wako anatibu wachezaji! Anawadunga sindano za miguu?" Pole kwa hilo. Najua kuchekwa kunavyouma, na nitakueleza nimejulia wapi. Lakini hasira yako umeimwaga pasipo pake.

Nasra hakudanganya. Siku ile aliponiambia mimi bibi yake, "Ayeeyo, nimepata kazi thieta, mimi ndiye mwenye taa," alisema kweli tupu. Ni mimi niliyesikia thieta moja, kwa sababu maishani mwangu nimeingia thieta moja tu, ile ya hospitali nilipopasuliwa tumbo. Nililala pale chali, juu yangu taa kubwa kama sinia la harusi, na kulikuwa na mtu anayeisogeza. Daktari anamwambia, "Kushoto kidogo," naye anasogeza. Basi nikajua mtoto wetu ndiye huyo. Bila yeye daktari angekata gizani! Nikawaambia wanawake wenzangu wa maziwa. Wao wakawaambia waume zao. Wewe ukauambia msikiti mzima. Uliuliza swali hata moja? Hukuuliza. Ulisema mashallah ukaagiza chai.

Tena nilikuwa nikimpigia simu kila mara. Namuuliza, "Leo mmefanya ngapi?" Ananijibu, "Mbili, Ayeeyo, moja mchana na moja jioni." Namuuliza, "Zimekwenda salama?" Anasema, "Salama kabisa, watu wametoka wanafuta machozi." Mimi nasema inna lillahi, nawaombea dua maiti wasiokuwapo. Mtoto kule anadhani bibi yake anafuatilia michezo. Ndivyo tulivyoishi, kila mtu amefurahi na thieta yake.

Sasa shingo ya Dahabo ilipokua mpaka akawa anameza uji kwa shida, nilimwambia, "Kwa nini tuhangaike? Twende kwa Nasra, yeye ndiye mwenye taa, atatupitisha." Nasra nilimwambia tu kwamba tunakuja kumwona kazini kwake. Alifurahi, wallahi. Alitupokea amepika anjera, chumba kimefagiliwa, akala kwa kidole nyirinyiri tuliyomletea, nyama yetu ya kukaanga, palepale mlangoni, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

Kesho yake asubuhi Dahabo alikataa chai. Alijua mtu wa operesheni hali. Nasra alidhani amefunga sunna, akamwambia Mungu akubali. Dahabo akaitika amina. Mimi niko katikati yao nakunywa chai yangu, nimeridhika.

Tukafika kwenye jengo lenyewe. Yusuf, ndani kuna ukumbi mkubwa wenye viti vingi, vyote vinatazama upande mmoja, na upande huo kuna jukwaa. Nasra akatuketisha, akasema, "Ngojeni kidogo, wanafanya mazoezi, nami nina taa za kurekebisha." Akaenda nyuma kabisa ya viti, kwenye meza yake yenye vitufe. Na pale jukwaani, mwanangu, palikuwa na kitanda. Shuka nyeupe. Pembeni chuma cha kuning'iniza maji ya dripu. Na mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe, chombo cha kusikilizia moyo kiko shingoni.

Wewe ungedhani nini? Usijibu.

Dahabo alinigusa mkono, akaniambia kwa lugha yetu, "Abaayo, dada yangu, ndio hapa." Kabla sijasema kitu alikuwa ameshapanda. Akavua ndara zake, akazipanga chini ya kitanda, akauliza kibla kiko upande gani, hakuna aliyemjibu, akachagua mwenyewe. Akalala. Akatoa shahada. Kisha akamwambia yule wa koti, kwa kile Kiswahili chake unachokijua, "Daktari, bole bole. Mimi niko na bresha," yaani presha.

Yule kijana alishtuka. Akasema, "Mama, mimi si daktari."

"Basi mwite daktari. Mimi sijakula toka jana."

Hapo walicheka. Si wote, lakini kicheko cha watu kumi kwenye ukumbi mtupu ni kama cha watu mia. Msichana mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wawili wakatoa simu, wakaanza kupiga picha. Na Dahabo yuko pale, amefumba macho, shingo yake ile imeelekezwa juu, anangoja kisu kwa adabu zake zote. Hakujua wanamcheka nini. Alidhani madaktari wa Nairobi ni watu wa furaha.

Palikuwa na mama mmoja mwenye chupa ya chai, amesimama karibu na kiti changu. Akaniinamia, akaniuliza, si kwa ubaya, "Shosho, huyo ni wenu?"

Nikasema, "Simjui."

Nimeliandika neno hilo polepole ili lisikosewe. Dahabo, niliyembeba mgongoni mama yetu alipokuwa akifuata maji. Nilivuta mtandio wangu usoni nikatazama ukuta. Mimi Habiba, ambaye ninyi nyote mnaniogopa kwa mdomo wangu, siku mdomo ulipotakiwa ulitoa neno hilo moja.

Halafu taa zote zikazimika. Si kwamba stima ilipotea. Nasra alizizima, zote kwa pamoja, kwa mkono wake, kwenye ile meza ya vitufe. Giza la kisima. Kicheko kikakatika, maana watu wanacheka wanachokiona. Simu zile hazikupata kitu tena. Nikasikia miguu inapita kati ya viti haraka, haijikwai, ya mtu anayejua kila ngazi iko wapi gizani. Kisha sauti yake kule jukwaani, kwa Kisomali, chini chini: "Ayeeyo mdogo, ni mimi. Nipe mkono. Inuka polepole."

Mwanga uliporudi ulirudi kidogo tu, na ulirudi upande mwingine kabisa, karibu na mlango, kwa hiyo kila mtu aligeuka kutazama mlango. Kitanda kilikuwa tupu. Dahabo alikuwa chini kwetu, amekaa kwenye kiti, mtandio wake umekaa sawa kichwani, miguu mitupu. Baadaye Nasra alinieleza kwamba alikuwa amemwachia mwenzake pale mezani awashe taa hiyo tu. Ndivyo kazi yao ilivyo, alisema: ukitaka watu wasione kitu hapa, wape kitu pale.

Akasimama mbele yao wote. Binti yako, Yusuf, yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Akasema, "Huyu ni bibi yangu. Anatafuta hospitali, nami nimemleta hapa bila kumweleza. Aliyepiga picha aifute sasa hivi, nikiona." Wakafuta. Yule wa koti jeupe akaja na ndara za Dahabo mikononi, akapiga goti akamvisha, akasema, "Nisamehe, mama, kwa kutokuwa daktari." Dahabo akamwambia asome, bado hajachelewa.

Kisha yule mama wa chai, ambaye hakujua anafanya nini, akamwambia Nasra, "Nilidhani hana mtu. Huyu shosho mwingine alisema hamjui."

Nasra alinitazama. Alichukua kikombe akanimiminia chai, akaweka sukari kama nipendavyo, akanipa kwa mikono miwili. Angenitukana ningepata nafuu.

Siku zilizofuata nilijifanya mkali, ndiyo njia yangu. Nikamfokea, "Mbona hukusema ni thieta ya michezo?" Akasema, "Ayeeyo, mimi sikujua kuna nyingine." Nikamwambia hiyo si kazi. Akasema nikae nimwone kwanza, halafu nimfokee vizuri nikiwa najua ninachokifokea. Basi nikakaa.

Kwa hiyo nitakueleza, maana wewe pia umefoka bila kujua. Alianzia kwenye harusi za hapa Eastleigh, alipokuwa chuoni. Mpiga video alitaka mtu wa kumshikia taa upande wa wanawake, ambako mwanamume haruhusiwi kuingia. Akaishika taa. Akagundua kwamba akiisogeza hivi bibi harusi anaonekana amechoka, akiisogeza vile anaonekana malkia, na bibi harusi ni yuleyule. Anasema hakulala kwa kuliwaza jambo hilo. Toka hapo akaenda kuomba kazi kwenye ukumbi, wakampa kubeba nyaya. Wanaume wakamwambia akasaidie kupakua chakula. Alivaa suruali ndani ya buibui, akapanda ngazi, akafunga taa juu ya dari huku wanangoja aanguke. Hakuanguka. Vidole vyake vina makovu, taa zile zinaunguza kama sufuria. Sasa yeye ndiye anayesema taa gani ikae wapi, iwe na rangi gani, iwake lini, izimike lini. Anachora vyote kabla. Wale waliomtuma chakula sasa wanapanda ngazi kwa neno lake. Wanamwita msanifu wa taa.

Na hachezi ngoma, ewe mwanamume. Haonekani! Anakaa gizani nyuma ya watu wote, hijabu yake kichwani, anafanya kazi. Alasiri anaswali kwenye stoo ya nyaya, ana msala wake pale, na hakuna anayeingia mpaka atoke. Mimi nimeswali naye humo. Wewe pale soko la mifugo unaonekana na kusikika kuliko yeye.

Nilikwenda kuuona mchezo wenyewe Jumamosi mchana. Ni habari ya mwanamke mgonjwa anayekumbuka nyumba ya mama yake. Maneno mengine ni ya Kiingereza, sikuyafuata. Lakini kuna mahali yule mwanamke anafumba macho pale kitandani, na ukuta wa hospitali unaanza kupotea, na juu yake vinatokea vitone vya mwanga, vidogo, vingi, vya dhahabu, vinatetemeka kwenye shuka na usoni. Yusuf, ile ni nyumba yetu ya mikeka. Lile ni jua la asubuhi linapopenya matundu ya mikeka, nawe umelala ndani, unasikia mbuzi. Nasra alilala humo kwangu alipokuwa na miaka michache, kabla hamjamleta mjini kusoma. Sikujua kwamba alikuwa macho. Watu waliokaa karibu nami, ambao hawajawahi kulala kwenye mikeka, walikuwa wamekaza macho hapo, na mmoja alikuwa akijifuta pua. Nikaelewa wale wanaotoka wakifuta machozi.

Ulipokwisha, wachezaji wakaja mbele wakainama, watu wakasimama kuwapigia makofi. Nasra hakuna aliyemgeukia. Basi mimi niliwapa mgongo wachezaji, nikageuka nyuma nikapiga makofi kuelekea ile meza ya vitufe. Jirani yangu akanishika bega kunielekeza, akidhani nimepotea. Nikamwambia aniache, najua ninapotazama.

Sasa habari za Dahabo. Nasra alimpeleka hospitali, ile yenye daktari wa kweli. Walitoka hapa alfajiri wakapanga foleni, akarudi naye kesho yake tena, na siku ya tatu. Wamempima, wamesema uvimbe utatolewa, na siku imepangwa, inshallah. Nasra ameomba ruhusa kazini ili awe mlangoni.

Leo asubuhi nilimwambia Dahabo nililolisema. Nilikuwa nampaka mafuta kichwani, sikuweza kumwambia usoni, nilimwambia kisogoni. Aliningoja nimalize upande mmoja. Kisha akasema, "Habiba, hata mimi ningekuwa wewe ningesema simjui. Ila mimi nisingekuja kusimulia." Halafu akageuza kichwa nimpake upande wa pili. Tumeishia hapo. Nafikiri amenisamehe, lakini ameniomba nimfulie nguo zake zote, nami ninazifua.

Basi nisikilize. Mama yako aliulizwa mbele ya watu, "Huyo ni wenu?" akajibu hamjui, kwa kuogopa kicheko cha watu ambao hatawaona tena. Wewe umeulizwa swali hilohilo pale soko la mifugo, nawe umejibu huna binti. Mimi nimekutangulia mahali hapo, Yusuf. Neno hilo likishatoka linabaki mdomoni, unakula nalo, unaswali nalo. Mimi sikupata nafasi ya kulirudisha, alitangulia mtu mwingine kuzima taa. Wewe unayo nafasi, kwa sababu Nasra hajalisikia. Dahabo hakumwambia, nami sikumwambia. Yeye anajua tu kwamba baba yake ana shughuli nyingi na hashiki simu. Amenunua kitambaa cha kanzu yako ya Idi. Amekikunja kwenye begi, kila siku anakitoa anakitazama kwenye mwanga, anasema rangi hii itakufaa jua la Garissa.

Dahabo akishapona tutapanda basi sote watatu. Nitakutumia siku kwa Zamzam, kwa kuwa yeye simu anashika. Uje kutupokea mwenyewe, usitume mtu. Wale wa soko wakiuliza, waambie, "Binti yangu ni wa taa za thieta ya michezo, na mama yangu ndiye aliyesikia vibaya." Nitupie mimi. Mimi ni mzee, nitabeba, na nina haki ya kubeba. Nikikutana nao nitawaeleza mwenyewe, na nitawaeleza na habari ya kitanda, wacheke mbele yangu kama wanaweza.

Na ukifunga mlango, basi ujue unaufunga kwa wawili. Nitatandika mkeka wangu nje ya ukuta wako, nami na Nasra tutakaa hapo. Kila anayepita kwenda msikitini atauliza kwa nini mama wa Yusuf analala nje, na nitamjibu. Sauti yangu unaijua. Lakini nakuomba, na unajua mimi siombi, usinifikishe huko. Nasra akishuka kwenye basi, mwite jina lake kabla mtu mwingine hajamwita. Hilo tu. Mengine atayaeleza mwenyewe, ana maneno kuliko sisi.

Nisalimie Zamzam, mke wako, umwambie mtoto wake anakula na amenenepa. Nisalimie kaka yako mkubwa, anayefundisha madrasa, aendelee kumwombea Dahabo. Nisalimie mkunga wetu aliyemzalisha Nasra, mwambie mikono ile aliyoipokea sasa ina makovu lakini haitetemeki. Wanawake wenzangu wa maziwa wasalimie wote, na usiwaeleze lolote, nitawaeleza mimi. Mume wa Dahabo kule Hulugho msalimie pia, kisha umwambie kwamba mkewe akimsimulia kitu kwenye simu si lazima kifike sokoni kabla ya adhuhuri.

Mungu akulinde, akulainishe moyo, na mgongo.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa nikakupa jina,

Habiba